Huyo Sewahaji wa Muhimbili Alikuwa Nani?



Ukiishi Dar es Salaam muda wa kutosha, ipo siku utapigiwa simu uambiwe mgonjwa wenu amepewa rufaa kutoka Temeke au Mwananyamala, sasa yuko Muhimbili, kalazwa Sewahaji. Utapanda daladala na chupa yako ya uji, utamuuliza mlinzi Sewahaji ni wapi, naye atakuonyesha kwa kidole. Ndiyo hivyo. Tunalitaja jina hili kama tunavyotaja Mnazi Mmoja au Tazara, bila kujiuliza.

Kwaresima iliyopita sisi vijana wa VIWAWA wa huku kwetu Mbagala tulikwenda kutembelea wagonjwa, na mmoja wetu akauliza Sewahaji maana yake nini. Mwingine akadai ni neno la Kizaramo. Mwingine akasema ni daktari wa zamani, tena kwa uhakika kabisa. Mimi kazi yangu ni ufundi ujenzi, nusu ya maisha yangu nahesabu matofali, lakini historia ya pwani yetu naipenda, nikajua hapa pana habari ya kuwaandikia. Maana Sewahaji ni mtu. Aliitwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia, aliyekufa mwaka 1897. Na katika maisha yake Kanisa letu limo, tena kwa namna ambayo vijana wengi hawaijui.

Tuanze na baba yake. Kutch ni nchi kavu upande wa magharibi wa India, na kwa miaka mingi watu wake walivuka bahari kwa majahazi ya kaskazi kuja kutafuta maisha Zanzibar. Mzee Haji Kanji alikuwa mmoja wao. Alifungua duka, baadaye akaweka tawi ng'ambo, Bagamoyo. Sewa alizaliwa mwaka 1851, na alipofika umri wa miaka 18 hivi akaingia kwenye biashara ya nyumbani. Hakuanza na mtaji wa kutisha. Alianza na duka la baba.

Sasa lazima uielewe Bagamoyo ya wakati ule, maana ukiiona leo imetulia vile na wavuvi wake utadhani nakutania. Huo ndio ulikuwa mlango wa bara. Misafara iliyokuwa ikienda Tabora na Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, wengi wao walianzia pale na kuishia pale. Hakukuwa na gari, na punda walikufa kwa mbung'o njiani. Kila kitu kilibebwa na binadamu, kichwani au begani. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Anayetoka zege siku nzima anajua kilo 30 ni nini. Sasa zibebe miezi mitatu.

Na mzigo ulikuwa nini? Fedha ya sarafu huko bara haikuwa na kazi sana. Walibeba merikani, kile kitambaa cheupe kizito kilichotoka Marekani hadi kikapewa jina la nchi yake. Walibeba kaniki, ushanga wa aina nyingi, na nyaya za shaba. Walibeba bunduki na baruti pia. Wakirudi, walirudi na pembe za ndovu. Ushanga nao ulikuwa na fasheni zake: kabila hili linataka mwekundu, lile mweupe, na ukikosea aina, umebeba mawe tu. Kwa hiyo mtu aliyekaa Bagamoyo akajua ni nini kinatakiwa wapi, alikuwa ameshika funguo.

Sewa Haji alizishika funguo hizo akiwa bado kijana mdogo sana.

Mwaka 1871 alifika pwani mwandishi wa gazeti la Marekani, Henry Morton Stanley, aliyetumwa kumtafuta Daktari Livingstone. Zanzibar alikutana na tajiri Tharia Topan, naye Mwismailia, naye akamwelekeza kwa kijana mmoja wa Bagamoyo anayeweza kumpatia wapagazi. Kijana huyo alikuwa Sewa Haji, na umri wake haukuzidi miaka 20. Stanley alikaa pale wiki nyingi akisubiri watu wa kubeba mizigo yake, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kimemchafua Sewa vibaya mno. Kinamchora kama tapeli mdogo, mwongo, anayezungusha watu na kupandisha bei kila asubuhi. Jina lake lenyewe Stanley aliliandika vibaya kiasi kwamba ukisoma haraka humtambui.

Nimewaza sana juu ya kisa hiki. Sisemi Sewa alikuwa malaika. Kijana wa miaka 20 mwenye mteja mgeni, mwenye haraka na pesa za gazeti mfukoni, jamani, tunajua wenyewe mambo yanavyokwenda. Hata leo mteja akishuka kwenye gari zuri, bei ya mchanga inabadilika hapo hapo. Lakini Stanley naye hakuwa mtu wa kumsema vizuri yeyote aliyemchelewesha, na wapagazi hawakuokotwa barabarani. Walikuwa Wanyamwezi wengi, walioteremka pwani kwa majira yao, na wakati huo wafanyabiashara wote walikuwa wanawagombea. Mwishowe watu walipatikana. Msafara wa mwisho wa Stanley uliondoka Bagamoyo Machi 1871, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Ujiji akimshika mkono Livingstone. Dunia nzima ilimsifu Stanley. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyemtafutia mabega ya kubebea safari ile.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Sewa Haji kwa miaka zaidi ya 20 iliyofuata. Kwa lugha ya site tungemwita mkandarasi. Wewe una safari, yeye anakuletea watu, mizigo iliyofungwa tayari, na bidhaa zinazopita huko uendako. Wazungu wapelelezi walipita kwake. Wajerumani walipokuja na utawala wao, nao wakapita kwake, maana walikuwa na bendera na bunduki ila wapagazi hawana. Akanunua nyumba, akanunua viwanja, Bagamoyo na baadaye Dar es Salaam. Akawa mtu ambaye mji mzima unamtegemea kwa namna moja au nyingine.

Hapa naomba nisiruke kitu. Biashara hii ilikuwa na damu ndani yake. Wapagazi walikuwa watu huru wanaolipwa, wengi wao, na walijivunia kazi yao. Kwa Wanyamwezi, kijana ambaye hajawahi kuteremka pwani alionekana bado mtoto. Lakini walikufa njiani kwa ndui, kwa kuhara, kwa njaa. Pembe za ndovu zilikwenda sambamba na utumwa kwa muda mrefu, na baruti iliyouzwa pwani haikuishia kuwinda tembo tu. Tajiri wa Bagamoyo wa wakati ule, awe Mwarabu, Mhindi au Mswahili, alikula kwenye sahani iliyokuwa na hayo yote. Nikisoma maisha ya Sewa Haji siwezi kujifanya sijaliona hili, na nadhani yeye mwenyewe aliliona kila siku, maana waliobaki hai walirudi kupitia mlangoni kwake, na wagonjwa wao walilala barazani mwa mji ule ule.

Jirani yake mmoja alikuwa Kanisa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863, na Machi 1868 wakahamia Bagamoyo, wakasimika msalaba ufukweni. Walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakapanda minazi, wakafundisha useremala, uashi na uhunzi. Mkienda hija Bagamoyo mnapita chini ya ile miembe mikubwa, mnaingia makumbusho, mnaonyeshwa mnara wa kanisa la kwanza ambako mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja Februari 1874, ulipoletwa na Chuma na Susi na wenzao kutoka bara. Sewa Haji alikuwa na miaka 22 au 23 wakati huo. Mji wenyewe ulikuwa mdogo.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipopandisha bendera yake pwani, watu walikataa, na Abushiri bin Salim akaongoza mapambano yaliyodumu mpaka aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Bagamoyo ilipigwa mizinga, nyumba zikaungua. Maelfu ya watu walikimbilia kwenye eneo la misioni, Waislamu, Wahindi, wenye dini za jadi, wote chini ya minazi ile ile. Huku kwetu Dar mambo yalikuwa mabaya zaidi: misioni ya Wabenediktini ya Pugu ilivamiwa Januari 1889 na ikateketezwa. Lakini ile ya Bagamoyo ilisalia, na watu wakaona ni nani aliyefungua geti siku ya shida.

Siwezi kuingia moyoni mwa mtu. Ila ukitazama miaka, mambo ambayo tunamkumbukia Sewa Haji karibu yote yalitokea baada ya vita hiyo, katika miaka yake saba ya mwisho. Kabla ya hapo tunaona mtu anayekusanya. Baada ya hapo tunaona mtu anayetoa kwa kasi, kama aliyeangalia saa.

Alitoa nyumba. Mafundi wenzangu, nendeni mkaione. Ni jengo la ghorofa pale Bagamoyo, la mawe ya matumbawe na chokaa. Zamani hakukuwa na saruji ya mfuko. Walichimba mawe ya matumbawe, wakayachoma kwenye tanuru la magogo siku kadhaa mpaka yakawa chokaa, wakaizimua kwa maji, wakaiacha ikae. Sakafu ya juu ilishikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vya pwani ni virefu na vyembamba. Ukuta unaweza kuwa na unene wa nusu mita na zaidi. Mtu mwenye nyumba kama ile ameshafika. Sewa Haji aliwakabidhi serikali ya Kijerumani nyumba hiyo iwe shule, na sharti lake lilikuwa kwamba watoto wa Kiafrika na wa Kihindi wasome humo bila kubaguana kwa rangi wala dini. Tafadhali soma tena sentensi hiyo ukikumbuka ni miaka ya 1890, chini ya wakoloni. Miaka mingi baada ya hapo, mpaka wakati wa Mwingereza, nchi hii ilikuwa na shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali.

Alitoa hospitali. Ya kwanza Bagamoyo, na hapa ndipo Kanisa linapoingia kwa jina: yeye Mwislamu alisimamisha hospitali kwa ajili ya watu wa kila kabila na kila dini, na kuwategemea wamisionari Wakatoliki kuwahudumia wagonjwa. Fikiria pesa uliyoihangaikia miaka 20. Fikiria kuiweka mikononi mwa watu wasiosali kama wewe, wasiotoka kwenu, kwa sababu tu umewaona wakiwaosha wagonjwa vidonda. Na masista na mapadre wale nao wakaipokea kwa sharti la mwenye mali, kwamba asiulizwe mtu dini yake mlangoni. Sisi siku hizi kamati ya harusi tu ikichanganya parokia mbili, tunagombania mhasibu atoke kwetu.

Aliwakumbuka pia wagonjwa wa ukoma. Ugonjwa huu leo una dawa, inatolewa bure, na mtu akiwahi anapona kabisa bila kupoteza kidole. Lakini wakati wa Sewa Haji hakukuwa na tiba. Hansen wa Norwei alikwishagundua vijidudu vyake mwaka 1873, ila dawa ya kweli ilikuja baada ya miaka 70 hivi. Mgonjwa alitengwa, basi. Huko Molokai, Padre Damian, ambaye sasa ni mtakatifu wetu, alikuwa amefariki kwa ukoma mwaka 1889 baada ya kuishi na wagonjwa hao miaka 16. Huku Bagamoyo wagonjwa wa ukoma walitunzwa na misioni, na mfuko wa chakula chao ukawa wa Sewa Haji. Wale mnaotoka Temeke na Kigamboni ambao mmewahi kwenda Nunge kuwaona wazee, mnajua kwamba jambo gumu la kwanza ni kutoa mkono wa salamu. Pesa inafuata baadaye.

Kisha Dar es Salaam. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu Dar, na mji ukaanza kujengwa kwa haraka. Kwa ajili ya Wazungu ilijengwa hospitali nzuri ya Ocean Road, inayotazama bahari ili upepo uingie. Mwafrika na Mhindi je? Pesa ya hospitali yao ilitoka kwa Sewa Haji. Serikali ilikuwa na jeshi, ilikuwa na kodi, ilikuwa na kila kitu, lakini hospitali ya wenyeji wa mji mkuu wake ilisimama kwa mchango wa muuza merikani wa Bagamoyo. Ilifunguliwa mwaka 1897, ikaitwa Hospitali ya Sewa Haji. Muhimbili inahesabu historia yake kuanzia hapo.

Naomba nisimame kidogo, maana najua kuna msomaji anasubiri niseme alibatizwa mwishoni. Hapana. Hakuna habari hiyo na sioni haja ya kumtafutia. Alizaliwa Mwismailia, akafa Mwismailia, na jumuiya yake inamheshimu kwa haki kabisa. Tuna tabia mbaya ya kutaka kila mtu mwema awe wetu kwa siri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, umetufundisha kutokataa chochote kilicho kweli na kitakatifu katika dini nyingine, na kuhusu Waislamu unataja waziwazi sala, sadaka na kufunga kwao. Kwa mtu wa Bagamoyo hilo halikuwa fundisho jipya. Padre na Mwislamu walikuwa wamekwishalitenda miaka 70 kabla.

Ila kuna mfano wa Bwana wetu unaonisumbua kila nikimfikiria mtu huyu. Ni ule wa tajiri katika Injili ya Luka sura ya 12, aliyevuna sana akaamua kubomoa maghala yake na kujenga makubwa zaidi, na usiku huo huo akaitwa. Mimi kama fundi mfano ule naupenda na kuuogopa, maana ndio mteja wangu! Anabomoa nyumba nzima nzuri, anajenga kubwa zaidi, halafu anaishi nayo mwaka mmoja. Na wakati mwingine mteja huyo ni mimi mwenyewe, nikipata hela ya kazi moja tayari nawaza kiwanja cha pili kabla sijalipa vibarua wa kazi ya kwanza. Sewa Haji alikuwa na kila sababu ya kujenga ghala kubwa zaidi. Biashara ilikuwa bado ipo, Wajerumani bado wanahitaji wapagazi. Na yeye pia aliitwa mapema.

Alikufa Zanzibar, Februari 1897, akiwa na miaka 46 hivi.

Kwetu miaka 46 ni mtu anayeanza kusema sasa nimejipanga. Lakini yeye alikuwa amekwishaandika wosia. Mali zake za ardhi na majumba, Bagamoyo na Dar es Salaam, zilikwenda chini ya udhamini wa serikali, ili kodi za nyumba hizo ziendelee kuwalisha wagonjwa wa ukoma, kuwapa chakula maskini waliolazwa hospitalini, na kuendesha kazi alizozianzisha. Angalia akili ya mfanyabiashara hapo. Hakuacha rundo la rupia la kugawa likaisha. Aliacha nyumba zinazozaa kodi kila mwezi. Mtoaji mwenye huruma tu angeweka sadaka kwenye bakuli. Huyu alitumia katika kutoa ujuzi ule ule aliotumia katika kupata, na mimi hili ndilo ninalomheshimia kuliko yote. Vijana wengi tuna akili kali sana kwenye mishe zetu, tunajua kupiga hesabu za faida mpaka za senti, ila tukifika kwenye mambo ya Mungu na maskini tunaweka akili pembeni tunatoa ilimradi. Jumuiya inachanga mchele mara moja kwa mwaka, tunapiga picha, tunarudi. Yule mzee wa Nunge anakula siku 365.

Je, wosia ule ulifuta yale ya misafara? Nimeulizwa hivyo na rafiki yangu mmoja, mkali kwelikweli, ambaye anaona matajiri wote wa zamani wananunua majina mazuri kwa pesa chafu. Swali lake ni zuri na sitalijibu kwa haraka. Mapadre wetu wanatufundisha kwamba malipizi ni sehemu ya toba: Zakayo hakusema tu anasikitika, alirudisha mara nne, na nusu ya mali akawapa maskini. Sewa Haji hakutuachia maandishi ya toba. Alituachia vitanda. Waliolala kwenye vitanda vile ni watu wa aina ile ile waliobeba frasila zake: pagazi mgonjwa, kuli wa bandarini, mzee asiye na ndugu. Kama ni kwa makusudi, Mungu anajua. Mimi sioni kwamba ni bahati.

Mwaka ule ule aliokufa, Wabenediktini walianza kujenga kanisa letu la Mtakatifu Yosefu pale baharini, likakamilika 1902, na mpaka leo ndilo kanisa kuu la jimbo. Kwa hiyo Dar es Salaam ilipata hospitali ya maskini na kanisa linaloinuka kwa wakati mmoja, moja kwa pesa ya Mwislamu, jingine kwa majina ya fundi seremala. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar, na treni ilipofika bara, kazi ya upagazi ikafa na Bagamoyo ikasinzia. Kama Sewa Haji angeweka kila kitu kwenye biashara yake, kingezama pamoja nayo.

Hospitali iliendelea. Mwingereza alichukua mji mwaka 1916, akaendelea na mpangilio ule ule: Ocean Road ya Wazungu, Sewa Haji ya wengine. Vizazi vya watu wa Kariakoo, Ilala, Temeke na Kinondoni vilitibiwa pale, wakati Temeke na Kinondoni bado ni mashamba ya mihogo na minazi. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali kubwa mpya eneo la Muhimbili, ikapewa jina la Princess Margaret, dada wa malkia wa Uingereza. Baada ya uhuru jina hilo liliondolewa, tukarudi kwenye Muhimbili. Jengo la zamani la Sewa Haji lilibomolewa. Jina lake, hata hivyo, lilihamishwa pamoja na wagonjwa likawekwa kwenye jengo la wodi, na likabaki. La binti wa mfalme lilifutwa, la muuza ushanga watu bado wanalitaja kila siku kwenye simu.

Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, najua wengine mtauliza kama inafaa kumwombea asiye Mkatoliki. Inafaa. Sala ya Ekaristi ya Nne inawakumbuka hata marehemu ambao imani yao Mungu peke yake ndiye anayeijua. Mimi jina la Sewa Haji Paroo naliandika kwenye karatasi yangu pamoja na babu na bibi zangu, na padre hajawahi kuliuliza.

Na ile nyumba ya mawe ya Bagamoyo aliyoitoa iwe shule, bado ni shule. Inaitwa Shule ya Msingi Mwambao. Mkienda hija mwaka huu, mkimaliza kusali msalabani, tembeeni mpaka pale muitazame. Kama ni siku ya wiki mtakuta watoto wako darasani.